UZI: Khamis Ali wapo wangapi? Nilivyoandika sura nzima ya watu watatu nikidhani ni mtu mmoja

Mkoba_wa_Chuo
Asalam alaykum wanajukwaa. Uzi huu nimeuahirisha mwezi mzima maana unanitia haya, lakini kila wiki naona mtu anauliza "nataka kujua habari za babu yangu nianzie wapi" na majibu ni yale yale, nenda Nyaraka za Taifa Kilimani hapa Unguja, nenda Nyaraka Kilimani, basi. Kilimani utakwenda na jalada utapewa na jina la babu yako utaliona, tena utaliona mara kumi na mbili, na shida ndo inaanzia hapo.

Mie mtu wa Pemba, upande wa Mtambwe, niko Unguja kimasomo. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya maalim mmoja wa chuo cha Kurani kule kwetu aliyesomesha miaka ya mwanzo ya utawala wa Kiingereza. Jina lake Khamis Ali. Nalitaja kwa sababu halimfichui mtu, nenda sokoni Chake upige ukelele "Khamis Ali!" uone watakaogeuka. Basi nkatafuta. Nkampata Khamis bin Ali aliyeweka rehani mikarafuu kwa hati ya Kiarabu. Nkampata Khamis Ali karani wa serikali Wete, saini yake mpaka 1958, kafariki 1963. Maalim mwenyewe nlikuwa naye kwenye karatasi moja tu ya ukaguzi wa vyuo. Nikawafanya mmoja. Maalim mwenye mikarafuu, akafilisika, akaingia ukarani uzeeni, hadithi tamu wallahi kama riwaya, kurasa 31.

Msimamizi wangu mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza suali moja tu: "Huyu maalim wako alikufa na umri gani?" Ile hati ya rehani ilikuwa ya 1290 Hijria, mie nlipoiona nkasema aah ya zamani nkapita, sikuigeuza. Akanigeuzisha pale pale mbele yake. 1290 ni 1873. Tufanye alikuwa na miaka 25 siku hiyo, basi kafa na 115, na ukarani kauwacha na 110. Akanirejeshea karatasi zangu akanambia nenda kanywe chai kwanza.

Pweza_Mkavu
Karani wa miaka 110 🤣🤣 pensheni yake ingeimaliza hazina. Lakini sheikh si ungeandika jina Google tu ukapata

Mkoba_wa_Chuo
Andika weye Khamis Ali Google halafu uje utuhadithie. Utapata mcheza mpira, daktari wa meno, mgombea wa udiwani na muuza makochi. Maalim wangu hakuwa na akaunti.

Nendelee. Jambo la kwanza ambalo nlitakiwa nilijue na nlilijua tangu utotoni ila kwenye kuandika nikalisahau: jina letu si jina la ukoo kama la Wazungu, ni mnyororo. Langu, la baba, la babu. Mtu akitaja majina mawili kakupa pete mbili tu za mnyororo. Tazama mfano ambao kila mtu anaujua, Rais wa kwanza ni Abeid Amani Karume, aliyeuliwa Aprili 1972, na mwanawe aliyekuwa Rais 2000 mpaka 2010 ni Amani Abeid Karume. Kijana kapewa jina la babu yake. Sasa chukua karani wa maktaba ya ng'ambo asiyejua haya, kaandikiwa "Karume, A. A." Yupi huyo? Baba na mwana wote wawili ni A. A. Hapo ni watu maarufu dunia nzima, itakuwa mkulima wa Mtambwe.

Na hii desturi ya kumpa mtoto jina la babu ndo inayomaliza kabisa. Ali Khamis Ali Khamis Ali, inazunguka kama pia. Ukiona hati ya "Khamis bin Ali" peke yake huwezi kujua kama ni babu au mjukuu mpaka upate tarehe.

Barza_ya_Mji
Maalim umesahau masultani, wao ndo somo zuri zaidi. Watu wanasema "Sultani Ali" bila ya kufafanua. Ali bin Said alitawala 1890 mpaka 1893, ndo enzi yake tulipoingizwa kwenye himaya ya Kiingereza. Ali bin Hamoud ni 1902 mpaka 1911, huyu kasoma Uingereza huko Harrow akaja akajiuzulu. Halafu Khalifa wawili, Khalifa bin Said 1888-1890 na Khalifa bin Harub 1911 mpaka 1960. Khalid vilevile wawili, Khalid bin Said mtoto wa Seyyid Said, na Khalid bin Barghash wa vita vya Agosti 1896 vile visivyofika saa nzima. Nishasoma makala moja mtu kamchukua Khalifa wa 1888 kampa mambo ya yule wa 1911, kajaza ukurasa mzima bila ya kushtuka.

Na "Seyyid Said" wenyewe ni maneno mawili mbalimbali kwa Kiarabu, سيد na سعيد, kwa herufi za Kirumi makarani wakiandika Said, Syed, Saeed, Seyid vyovyote wanavyosikia. Kwa hiyo anaetafuta "Said" anaweza kuwa anatafuta cheo badala ya jina.

Mkoba_wa_Chuo
Shukran sana, hili la karani anaandika anavyosikia ndo la pili nlilotaka kulisema. Khamis wangu nimemkuta kaandikwa Khamis, Hamis, Hamisi, Khamisi. Muhammad ndo usiseme. Salim na Salum. Saleh, Salih, Swaleh. Siku hizi kabla sijagusa jalada naandika kwenye daftari sura zote za jina, za Kirumi na ya Kiarabu, halafu ndo natafuta moja moja. Inachosha, ila jioni moja nilipata katika "H" kitu ambacho wiki tatu nakitafuta katika "K".

Dada_Maktaba
Nachomekea kidogo kwa sababu nafanya kazi ya katalogi na haya ndo maradhi yangu ya kila siku.

Upande wa wanavyuoni na waandishi hali ni ile ile, ila dawa zipo. Chukua waandishi wetu wa riwaya wa hapa: Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed, Muhammed Said Abdulla. Katalogi za nje zinachukua jina la mwisho zinalifanya la ukoo, kwa hiyo wawili wa mwanzo wanakaa rafu moja "Mohamed, S. A." na "Mohamed, M. S." kama mtu na nduguye, wakati hilo Mohamed ni jina la babu tu kila mmoja na wake. Na chekeni sasa: Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kwenye makala zake za kitaaluma akiwa profesa Bayreuth Ujerumani anaandika kwa jina Said A. M. Khamis. Kaongeza pete moja ya mnyororo, ni mtu yule yule! Nimeona orodha ya marejeo ya mwanafunzi "anawalinganisha" hao wawili, mwandishi wa riwaya na mhakiki. Adam Shafi hivyo hivyo, kuna pahala ni Shafi Adam Shafi.

Kwa hiyo makosa ni ya aina mbili na watu wanaliona moja tu. Moja ni watu wengi kuwafanya mmoja, kama kaka Mkoba alivyofanya. La pili ni mtu mmoja kumkata vipande, hili halichekeshi kwa hiyo halionekani.

Mtoto_wa_Vuga
Hapo mnazungumza wasio na majina ya kabila. Sisi wenye Barwani, Mauli, Mazrui hatuna shida hiyo

Dada_Maktaba
Kaka yangu, Mazrui ndo mfano wangu wa kufundishia! Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Kadhi Mkuu wa Kenya, kafariki 1947. Mwanawe ni Profesa Ali Al'amin Mazrui, yule wa siasa, kafariki 2014. Halafu kuna Profesa Alamin M. Mazrui, mwanaisimu, wa ukoo huo huo. Profesa Ali na Profesa Alamin wameandika vitabu pamoja, majina yote mawili jalada moja. Sasa mtu anakuletea "Mazrui, A." na mwaka basi. Jina la kabila linakupeleka nyumbani kwao, chumba ukatafute mwenyewe.

Na bin Sumeit pia. Sayyid Ahmed bin Sumeit aliyefariki hapa 1925 alikuwa kadhi, na mwanawe Sayyid Omar naye alikuwa kadhi hapa hapa. Mtu anaandika "Kadhi bin Sumeit alitoa hukumu" bila ya mwaka, ni nani?

Pweza_Mkavu
Dawa umesema zipo mbona hujazitaja dada

Dada_Maktaba
Nakuja usinikimbize 😂 Kwa walio hai kuna ORCID, ni namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajiandikisha mwenyewe bure, ilianza 2012. Jina lako hata kama wanalo watu elfu, namba ni yako peke yako, na ukibadilisha tahajia ya jina makala zako hazikupotei. Vijana wa chuo kikuu chetu cha SUZA na kwengineko mnaochapisha makala jiandikisheni leo hii kabla ya makala ya kwanza. Na chagueni sura MOJA ya jina mbaki nayo, majina matatu ni bora kuliko mawili.

Kwa waliokufa hakuna ORCID, maiti hajisajili. Kuna VIAF, hiyo inakusanya faili za majina za maktaba kubwa za nchi nyingi, unaandika jina inakuletea sura zote alizoandikwa mtu huyo na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, 1912 mpaka 1982, ukimtafuta Farsy tu utakosa, kuna Farsi, kuna al-Farisi, Abdulla, Abdullah, Salih. VIAF inakuunganishia. Ila nayo inakosea, nimeshawahi kuona mtu kakatwa vipande viwili mle, kwa hiyo ni pahala pa kuanzia tu. Na zile kurasa za wasifu zinazojijaza wenyewe mitandaoni ndo msiziamini kabisa, mwenzangu mmoja kazini wasifu wake ulimpa makala kumi na nne za ugonjwa wa kuku, yeye ni mtu wa sheria.

Bi_Mkarafuu
Mie nina la kwangu na sijui kama ni pahala pake. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mtoto wa ami yangu alirusha picha ya karatasi ya zamani ina jina la bibi mzaa babu yetu, imeandikwa kuwa aliachwa huru kwa amri ile ya 1897. Akaandika chini "jamani asili yetu hii hapa". Grupu likawaka moto. Wazee wawili wakatoka. Wengine wakaanza kusema ndo maana fulani hakupewa mke kwa fulani, maneno ya miaka sitini yakafufuka usiku mmoja. Mimi sikuona aibu yoyote ya kuwa na asili hiyo, nani hapa asokuwa nayo, lakini nilitazama ile karatasi vizuri, jina la bibi ndiyo ni lake, jina la baba halikuandikwa, kijiji si cha kwetu, na umri wa kwenye karatasi ungemfanya bibi amzae babu kabla ya yeye mwenyewe kubaleghe. Nikasema. Nikaambiwa natetea ukoo. Mpaka leo wengine hawasalimiani.

Mkoba_wa_Chuo
Pole sana dada yangu. Na ni pahala pake hasa. Mie kwangu aliyeumia ni tasnifu, kwako wameumia watu.

Karatasi za walioachwa huru ndo ngumu kuliko zote kwa majina. Watu walipewa majina na mabwana, Mabruki, Feruzi, Baraka, Songoro, mamia wenye jina moja, na jina la baba mara nyingi halimo kwa sababu karani hakuuliza. Ndo maana hata misafara ya Wazungu ya kwenda bara iliyokuwa ikiajiri watu hapa Unguja iliwagawa kwa lakabu, yule aliyekwenda na Burton na Speke halafu akaja kwenda na Stanley 1871 anajulikana Mabruki Speke, bila ya hilo Speke hujui ni Mabruki yupi. Wengine waliochukuliwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Mbweni walibatizwa wakapata jina jengine juu ya lile. Na wengi baada ya kuachwa huru walijichagulia jina wenyewe, haki yao, lakini weye mtafutaji uzi umekukatikia.

Bi_Mkarafuu
Na wanawake je? Maana nyie wote mnahadithia Khamis na Ali.

Mkoba_wa_Chuo
Mwanamke kwetu ana bahati moja, habadilishi jina akiolewa, anabaki Asha binti Juma mpaka kaburini, hata akiolewa mara nne. Balaa ni kwamba makarani wa serikali wakimwandika "mke wa fulani" jina lake likapotea kabisa. Kwa hiyo watafute kwenye mirathi na wakfu, huko lazima wawemo kwa sababu wana fungu lao, kadhi hawezi kuwaruka. Mie jina la mama wa maalim sikulipata popote ila kwenye mgawo wa minazi.

Sasa nilivyowatenganisha. Niliacha kulitafuta jina, nikaanza kuwatafuta majirani zake. Ile hati ya rehani ya 1290 ina mashahidi watatu, wote wa Kengeja, na jina la tatu la mwenye rehani ni Shehe. Kengeja kusini kabisa huko na maalim wangu wa Mtambwe. Hakuna shahidi hata mmoja wa kaskazini. Mtu wa Mtambwe anaweka rehani shamba, wanamshuhudia watu wa Kengeja watupu? Haiji.

Barza_ya_Mji
Lakini maalim si unasema wanarithi majina. Huyo wa 1873 hawezi kuwa babu yake aliyehamia?

Mkoba_wa_Chuo
Nilitamani sana iwe hivyo 😅 wiki mbili nililala nayo hiyo. Babu yake maalim kweli alikuwa Khamis. Lakini mnyororo wa maalim nilikuja kuupata mzima, Khamis bin Ali bin Khamis bin Hamad. Babu yake ni Khamis bin Hamad, na wa rehani ni Khamis bin Ali bin Shehe. Haingii. Nilimwacha roho inaniuma.

Karani nikamtoa kwa saini. Maalim alikuwa akiandika herufi za Kiarabu tu, karani Kirumi safi kama cha kitabu, na jina la babu yake ni Faki.

Kilichonifungulia mlango hasa hakikuwa karatasi. Nilikwenda Mtambwe kwa bibi mmoja, mkongwe, nkamuuliza habari za Maalim Khamis Ali. Kanitazama. "Khamis ndo nani?" Nkamweleza chuo kilipokuwa, chini ya mwembe gani. "Aaah! Maalim Kombo!" Mama yake hakuweza kumwita Khamis, lilikuwa jina la mkwewe, heshima hiyo, kwa hiyo mtoto akaitwa Kombo na mji mzima ukamwita Kombo. Nkarudi Kilimani nkatafuta "Maalim Kombo" na "Mwalim Kombo" Mtambwe, na safari hii nikapata barua mbili na malalamiko ya wazee juu ya mabati.

Dada_Maktaba
Na kwa masheikh kuna njia nyengine nzuri, silsila. Kasoma kwa nani na kamsomesha nani. Wawili wanaweza kuwa na jina moja na mji mmoja na hata karne moja, ila ni nadra kuwa na walimu wale wale na wanafunzi wale wale. Kitabu cha Sheikh Abdallah Farsy cha wanavyuoni wa Kishafi kinataja mambo hayo hayo, Pouwels akakitoa kwa Kiingereza 1989.

Msafiri_wa_Mbali
Kwa wenye babu waliokuwa na mambo na serikali au biashara, msiishie Kilimani. Mle Kilimani kwanza ulizeni alama za mafungu, AA ni za ubalozi wa Kiingereza wa zamani, AB za sekreterieti, HC za mahkama kuu. Tarehe za kati ya karne ya 19 ubalozi ulikuwa ukiripoti Bombay, kwa hiyo karatasi nyengine ziko India na nyengine British Library London kwenye za India Office. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew London, fungu la FO 84 ni la biashara ya watumwa. Wamarekani wamefungua ubalozi hapa 1837, barua za wafanyabiashara wao wa Salem ziko huko Massachusetts. Huko mzee wa Kipemba anaweza kuonekana kaandikwa kwa tahajia ambayo hata mama yake asingeitambua.

Pweza_Mkavu
Na kugeuza Hijria kunafanywaje kwa sie wa hesabu mbovu

Mkoba_wa_Chuo
Haraka haraka zidisha mwaka kwa 0.97 halafu jumlisha 622. 1315 inakupa 1897 na nusu, na kweli 1315 imeanza Juni 1897. Kwa tarehe kamili tumia programu ya kugeuza, zipo bure. Na wazee wakikwambia "mwaka wa kimbunga" ni 1872, "vita vya Khalid" 1896, andika kama ulivyosikia halafu ndo ugeuze, usigeuze kichwani ukaandika namba tupu.

Nyanya_Chungu
Samahani nimechelewa kuingia, nimesoma uzi wote kimya. Maalim huyo karani wako uliyemtoa. Khamis Ali Faki. Kafariki 1963. Alikuwa akikaa Wete upande wa Limbani?

Mkoba_wa_Chuo
Ndiyo dada. Barua moja imetaja Limbani. Kwa nini?

Nyanya_Chungu
Alikuwa na mkono wa kushoto mbaya? Kidole kimoja hakikunjiki?

Mkoba_wa_Chuo
Hilo sijui. Lakini kuna ombi la likizo la 1949 kwa sababu ya kuumia mkono. Halikusema upi.

Nyanya_Chungu
Huyo ni babu yangu mzaa mama. Sisi tuna picha yake moja tu na hatuna hata karatasi yenye mwandiko wake. Mama yuko hapa pembeni nimemsomea, anauliza hiyo saini ikoje, ile K ina mkia?

Mkoba_wa_Chuo
Ina mkia mrefu umepita chini ya jina zima. Mwambie mama Jumatatu nitakuwa Kilimani asubuhi, namba za majalada nakutumia faragha sasa hivi. Zipo saba.